Nywele za Misri ya Kale na Nywele za Binti wa Leo

(Somo la Historia kwa wanafunzi wote, na kwa wazazi wapendao kusoma. Limeandikwa na Mwalimu wa Historia.)

Muhula uliopita, katika kipindi cha Historia cha Kidato cha Kwanza, tulikuwa tukitazama picha iliyochorwa ukutani mwa kaburi moja la Misri ya kale. Walikuwamo wanawake wameketi karamuni, na kila mmoja ana nywele nyeusi zilizogawanywa misuko myembamba, mingi sana, iliyoteremka mpaka mabegani. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, mbona hawa wamesuka rasta?"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Nikamwambia aketi, kwa kuwa tulikuwa tukisoma habari za mto Nile na kilimo chake, si habari za saluni. Kengele ikalia, tukaenda zetu.

Lakini swali lile halikuniacha. Usiku, mvua ya hapa Amani ikinyesha juu ya bati, nilifungua vitabu nikaanza kutafuta. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona ya kuwa mtoto yule alikuwa na haki, na mimi mwalimu ndiye niliyekosea. Wazee husema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nami nilikuwa nimemfunga mdomo mwenye kuuliza. Basi makala haya ni malipo, maana dawa ya deni ni kulipa.

1. Watu wa Misri na vichwa vyao

Misri ni nchi ya jua kali na vumbi, na chawa hawakukosekana huko. Kwa sababu hiyo watu wengi walinyoa vichwa au walikata nywele fupi sana. Makuhani walizidi wote. Herodotus, Mgiriki aliyezuru Misri katika karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Kristo (K.K.), aliandika kwamba makuhani walinyoa mwili mzima kila siku ya tatu, ili asionekane mdudu yeyote juu yao wanapowatumikia miungu.

Watoto nao walinyolewa, ila waliachiwa shungi moja la nywele upande wa kichwa, likasukwa na kuning'inia karibu na sikio. Katika picha na sanamu za Misri ukiona shungi hilo, ujue huyo ni mtoto, hata akiwa mwana wa mfalme. Wazee wetu wa pwani wataikumbuka desturi iliyofanana na hiyo, nayo ni kukata denge, yaani kunyoa kichwa chote na kuacha kishungi utosini. Basi ninyi wanafunzi mnaonung'unika kila mwanzo wa muhula kwa sababu ya kunyolewa, mnafanana na watoto wa Firauni kuliko mnavyodhani.

Mtu mzima aliyenyoa kichwa alivaa nywele za bandia, yaani wigi, hasa siku za karamu na ibada. Wigi nzuri ilishonwa kwa nywele halisi za watu. Nyingine zilijazwa ndani nyuzi za mtende ili zipate kutuna. Mwaka 1906 Mwitalia Ernesto Schiaparelli alifungua kaburi la Kha, msimamizi wa mafundi waliochimba makaburi ya wafalme, na mkewe Merit. Mume na mke hao waliishi kadiri ya miaka 1400 K.K. Ndani ya kaburi hilo vilikutwa vitu vya Merit vya kujipambia, na pamoja navyo wigi yake ya nywele za watu, iliyosukwa vizuri, ikiwa na sanduku lake. Leo iko katika jumba la makumbusho la Turin, Italia. Misuko yake ni myembamba, na imefanya mawimbi kama nywele zilizosukwa usiku zikafumuliwa asubuhi. Kila msichana wa hapa anaifahamu hila hiyo.

Wako pia malkia waliotuachia picha za kazi yenyewe ya ususi. Jeneza la mawe la Kawit, mmoja wa wake za mfalme Mentuhotep II (kadiri ya 2050 K.K.), limechongwa picha ya bibi huyo ameketi kitini, kioo mkononi, anakunywa kibakuli cha kinywaji, na nyuma yake mtumishi wa kike anazipanga nywele zake kwa vidole. Tazama ya kuwa yapata miaka 4,000 imepita, lakini kikao ni kile kile: mmoja ameketi, mwingine amesimama nyuma, na bila shaka mazungumzo yanaendelea.

2. Je, kweli walisuka rasta?

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Rasta, kama tunavyoliita neno hilo Tanzania, ni misuko iliyoongezewa nywele nyingine ili iwe mirefu na minene. Je, Wamisri waliongeza nywele?

Waliongeza. Katika mji wa Amarna, uliojengwa na mfalme Akhenaten kadiri ya 1350 K.K. na kuachwa ukiwa baada ya miaka michache tu, wataalamu wamechimba makaburi ya watu wa kawaida. Hawa hawakuwa wafalme wala makuhani, bali watu wa kazi. Mtaalamu Jolanda Bos alichunguza mafuvu 100 kutoka huko, na 28 kati yake yalikuwa bado na nywele. Katika habari alizozitoa mwaka 2014 alieleza habari za mwanamke mmoja aliyezikwa na nywele za nyongeza zipatazo 70, zimefungwa tabaka juu ya tabaka. Baadhi ya nywele za nyongeza zilizokutwa Amarna zilichanganya nywele nyeusi na nyeupe, jambo linaloonyesha kwamba zilitoka katika kichwa cha zaidi ya mtu mmoja.

Huu haukuwa mwanzo wa desturi hiyo. Huko Hierakonpolis, kusini mwa Misri, limekutwa kaburi la mwanamke wa kadiri ya 3400 K.K. ambaye nywele zake zilikuwa zimeongezewa nywele nyingine, na zimetiwa hina. Piramidi kubwa la Giza lilijengwa kadiri ya 2560 K.K. Fanyeni hesabu wenyewe: ususi wa kuongeza nywele katika Afrika unalizidi piramidi hilo umri kwa miaka kama 800.

Basi jibu la swali la darasani ni hili: Ndiyo, binti, neno rasta ni jipya, lakini kazi yenyewe ni ya kale.

3. Nta, mafuta na hina

Yafaa tujue pia namna kazi hiyo ilivyofanywa, maana ndani yake mna elimu ya Kemia na ya Mimea.

Wigi moja iliyopatikana Thebes, ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la London, imepakwa mchanganyiko wa nta ya nyuki na utomvu wa miti. Kwa nini nta? Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi. Hata siku ya kaskazi kali pale Tanga mjini, joto la hewa halifiki hata 40. Kwa hiyo msusi aliweza kuiyeyusha nta kwa moto, akaipaka, ikapoa, na msuko ukabaki imara juani siku nzima bila kuvuja.

Wale wasiovaa wigi walitumia mafuta. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Manchester waliochunguza nywele za maiti 18 zilizokaushwa, nyingi zikiwa za oasisi ya Dakhla, walikuta 9 kati yake zimepakwa kitu cha mafuta kilichoshikilia mtindo wa nywele mahali pake. Hii ilikuwa jeli yao.

Mapishi ya dawa za nywele tunayasoma katika maandishi ya tiba yanayoitwa Mafunjo ya Ebers, ya kadiri ya 1550 K.K. Mle imetajwa mbegu ya mbarika, isagwe itolewe mafuta, mwanamke apake kichwani nywele zipate kukua. Mbarika huota hata vichochoroni mwa Muheza, na watu wengi bado hutumia mafuta yake kwa nywele. Wamisri walitumia pia mafuta ya mti wa jamii moja na mlonge wetu. Lakini msidhani kila kilichoandikwa zamani kilikuwa na maana. Katika maandishi hayo hayo, dawa ya upara ni mafuta ya simba, ya kiboko, ya mamba, ya paka, ya nyoka na ya mbuzi wa mwitu yakichanganywa pamoja. Simwoni mtu wa Tanga atakayekwenda Saadani kumwomba simba mafuta kwa ajili ya upara wake. Mwanafunzi mwema huheshimu mambo ya kale, lakini huyapima.

Tena hina. Katika makaburi ya Amarna lilikutwa fuvu la mwanamke mwenye mvi, na nywele zake zina rangi ya machungwa mekundu; wachunguzi wanadhani alizitia hina azifiche mvi. Jambo hili halihitaji maelezo kwa watu wa pwani. Tunao bibi na babu wengi wanaofanya vivyo hivyo hata leo.

4. Misri ilivyofika katika saluni za leo

Huenda ukauliza: Kama Misri ile ilikufa zamani, mitindo yake imefikaje kwenye picha za saluni za Muheza na Tanga, ambako wigi fupi yenye ukosi usoni huitwa "Cleopatra", na nywele zilizoinuliwa juu huitwa "Nefertiti"?

Imefika kwa njia ya wachimbaji, tena kwa njia ya sinema. Mwaka 1912 Mjerumani Ludwig Borchardt alichimbua Amarna sanamu ya kichwa cha Nefertiti, mke wa Akhenaten. Sasa iko Berlin. Mwaka 1922 Mwingereza Howard Carter alifungua kaburi la Tutankhamun, na dunia nzima ikashikwa na homa ya Misri: vitambaa, vito, majengo na mapambo, vyote vikaigwa. Ndani ya kaburi hilo, pamoja na dhahabu nyingi, kilikutwa kijeneza kidogo chenye jina la malkia Tiye, na ndani yake kishungi cha nywele zake. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza kwamba kwa uchunguzi wa urithi wa damu wameutambua mwili wa malkia huyo, naye ni bibi yake Tutankhamun. Mfalme yule kijana, pamoja na utajiri wake wote, alizikwa na kumbukumbu ya nywele za bibi yake.

Mwaka 1963 ikatoka sinema ya "Cleopatra", na mwigizaji wake mkuu alikuwa Elizabeth Taylor. Hapo ndipo watu wengi walipoamini ya kuwa malkia huyo alikata nywele zikamfunika paji la uso. Lakini historia yasema vingine. Cleopatra, aliyekufa mwaka 30 K.K., alikuwa wa ukoo wa Ptolemy, watu waliotoka Makedonia, na sarafu zilizopigwa wakati wake mwenyewe zinamwonyesha nywele zimevutwa nyuma na kufungwa kifundo kisogoni. Vivyo hivyo, kile kirefu cha samawati kichwani mwa Nefertiti si nywele, ni taji. Kwa hiyo msusi anayesuka "Nefertiti" anasuka taji kwa nywele. Kazi yake ni nzuri, lakini tuiite kwa jina lake: ni ubunifu wa leo uliochochewa na Misri, si nakala ya Misri.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika habari hii. Mwaka 1992 mwimbaji Michael Jackson alitoa filamu ya wimbo iliyoonyesha jumba la Firauni, na aliyeigiza malkia alikuwa Iman, mzaliwa wa Somalia, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kabla hajawa maarufu duniani kwa kuonyesha mavazi. Watu wa dunia walipoitazama picha ile, sura ya malkia wa Misri waliyoiona ilikuwa sura ya binti wa upande wetu huu.

5. Je, desturi zetu zilitoka Misri?

Hapa nawaomba wanafunzi wa Historia wasimame kidogo wafikiri, maana ndipo wengi hujikwaa. Tumeona mambo mengi yanayofanana: msuko, hina, mbarika, shungi la mtoto. Je, yatosha kusema kwamba bibi zetu walifundishwa na Wamisri?

Haitoshi. Kufanana si ushahidi wa kurithiana. Watu wawili wasiojuana wanaweza kugundua jambo moja, kwa sababu mahitaji yao ni mamoja. Tazama lugha yetu: tunasuka ukili, tunasuka mkeka, tunasuka kamba, tunasuka nywele. Kitenzi ni kimoja kwa sababu kazi ya vidole ni moja. Watu waliojua kusuka majani ya mkindu hawakuhitaji mgeni wa kuwafundisha kusuka nywele.

Mwanahistoria huuliza maswali matatu: Nani alileta? Lini? Kwa njia gani? Habari za biashara tunazo. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kigiriki kitabu cha safari za baharini kiitwacho Periplus, akaitaja pwani hii kwa jina la Azania, na mji wa Rhapta, na bidhaa zilizonunuliwa huku, zikiwamo pembe za ndovu na magamba ya kasa. Pembe na magamba ni vitu vilivyotengenezewa vitana katika nchi nyingi. Basi twaweza kusema kwa hakika kwamba mali ya pwani hii ilisafiri mpaka Misri. Lakini kwamba mtindo fulani wa nywele ulisafiri kutoka kule kuja huku, hakuna aliyeuonyesha ushahidi wake; nasi tusiseme.

Tena, hatuna haja ya kuazima heshima. Ususi wa pwani una utajiri wake wenyewe. Bibi harusi wa Tanga hupakwa mafuta ya nazi, akafukizwa udi kwenye chetezo, akavikwa asumini na kikuba, huku somo wake akimpa mawaidha. Mambo hayo yasimama kwa miguu yake.

6. Nywele na serikali

Msidhani kwamba habari za nywele ni za wanawake na saluni tu. Hapa petu zimewahi kuwa jambo la siasa. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita mavazi na mapambo yaliyohesabiwa kuwa ya kigeni na ya kuvunja utamaduni wa taifa. Katika orodha yake zilikuwamo sketi fupi, suruali za kubana, mafuta ya kujichubua, na wigi. Operesheni hiyo, iliyoitwa Operesheni Vijana, ilipangwa kuanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Magazeti ya wakati ule yalijaa barua: wengine waliunga mkono, wengine waliuliza kwa nini mzigo wa utamaduni wapachikwe wanawake.

Tukiyapima mambo yale leo, yafaa tuwe waadilifu. Nchi ilikuwa changa, imetoka kutawaliwa, na vijana wale waliona uchungu kumwona Mwafrika akizionea haya nywele zake alizopewa na Mungu. Uchungu huo ulikuwa wa haki. Na kuhusu mafuta ya kujichubua, walisema kweli kabisa, maana yanaharibu ngozi mpaka leo. Lakini kusema wigi yenyewe ni kitu cha kigeni katika Afrika, hapo historia haikubali. Merit wa Misri alikuwa na yake, katika bara hili hili, zaidi ya miaka 3,000 kabla Ulaya haijatutawala. La maana si wigi, bali sababu ya kuivaa: je, mtu anajipamba, au anajificha?

Miaka hamsini baadaye jambo lilirudi kwa sura nyingine. Katika bajeti ya mwaka 2019/20 serikali ilitoza ushuru kwenye nywele za bandia: asilimia 25 kwa zinazotoka nje, na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Wigi iliyokuwa ikibishaniwa kama jambo la utamaduni sasa ikawa jambo la mapato.

7. Maneno machache kwa mabinti na mama zao

Sasa nitasema jambo lililonisukuma zaidi kuandika. Kila baada ya likizo, siku ya kufungua shule, mabinti wanapofumua nywele ili wakanyolewe, twaona vichwa vyenye vipele kwenye mstari wa nywele, na wengine nywele za panjani zimekwisha kabisa. Mwanzoni mwa muhula huu alikuwapo mmoja mwenye kidonda nyuma ya sikio, naye alikivumilia wiki mbili kwa sababu aliambiwa uzuri ni maumivu.

Si kweli. Nywele hukua kutoka katika shina lililo ndani ya ngozi. Msuko ukikaza mno, au nywele za nyongeza zikiwa nzito mno, shina huvutwa mchana na usiku. Mwanzo huwa maumivu, kisha vipele, kisha nywele hukatika, na ukiendelea miaka mingi shina hufa, wala nywele haziroti tena. Dalili ni rahisi: ukishindwa kulala kwa ajili ya msuko, au ngozi ya paji ikivutwa, fumua usiku huo huo. Usihurumie pesa, hurumia kichwa.

Dawa za kulainisha nywele nazo ni kali. Nyingi zina uchungu wa magadi wa pH 12 au 13, na Kidato cha Pili waliosoma Kemia wanajua maana yake: kitu kinachoweza kulainisha nywele kikaweza pia kuunguza ngozi. Mtoto asipakwe. Na tujihadhari na ile inayoitwa "hina nyeusi". Hina ya majani ya mhina hutoa rangi ya machungwa au ya kahawia. Ikiwa nyeusi ti kwa dakika chache, imechanganywa na kitu kingine, mara nyingi kemikali iitwayo PPD, ambayo huwatoa watu wengine malengelenge, na ikinywewa huua. Bibi harusi apambwe kwa hina ya mhina, hata kama yamlazimu kukaa nayo usiku kucha.

8. Mwisho wa habari

Nilimwita yule binti mbele ya darasa lake, nikamwambia: "Swali lako lilikuwa swali la mwanahistoria. Niwie radhi." Darasa halikucheka safari hii. Kisha nikampa kazi ya likizo, amwulize bibi yake majina ya misuko ya zamani.

Alirudi na ukurasa mzima wa daftari. Yalikuwamo mabutu, na nywele za uzi, na mashungi, na "twende kilioni", ambao bibi alimweleza ni msuko wa mistari iliyonyooka kwenda kisogoni, wa kusukwa upesi mtu anapopata habari za msiba. Yalikuwamo na majina mengine matatu ambayo mimi sijayasikia maishani mwangu, na bibi mwenyewe alisema amebaki peke yake kijijini anayejua kuyasuka. Nimemwomba binti arudi likizo ijayo, atazame bibi akisuka, achore kila hatua kwa penseli.

Wamisri walichora wasusi wao juu ya mawe, nasi twawajua baada ya miaka 4,000. Wa kwetu hawajachorwa mahali popote. Kalamu na daftari mnazo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja sababu mbili zilizowafanya Wamisri wa kale wanyoe vichwa.
2. Kwa nini nta ya nyuki ilifaa kushikilia nywele katika nchi ya joto? Jibu kwa tarakimu.
3. "Kufanana si ushahidi wa kurithiana." Eleza maneno haya kwa mfano wako mwenyewe, usiohusu nywele.
4. Mtindo uitwao "Cleopatra" unatofautianaje na nywele za Cleopatra zilizo kwenye sarafu zake?
5. Jadilini darasani: Je, azimio la mwaka 1968 kuhusu wigi lilikuwa sahihi? Kila upande utoe hoja tatu.
6. Kazi ya likizo: Mwulize bibi, shangazi au jirani mzee majina matano ya misuko ya zamani, nani aliisuka, na kwa siku gani. Andika, uje nayo shuleni.